Duka jirani linaomba leseni ya usiku: pingamizi liandikweje?

SWALI: Ninaishi Leicester, Uingereza, katika mtaa wa nyumba za familia. Duka la kuku wa kukaanga tunalopakana nalo limeomba leseni ya kuuza hadi saa nane usiku. Majirani wanataka tukusanye saini. Je, zinatosha?

JIBU: Ndugu msomaji, saini peke yake hazitoshi, na muda ni mfupi. Sheria ya Leseni ya mwaka 2003, inayotumika England na Wales, humtaka anayeuzia umma chakula cha moto kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri awe na leseni, na huwapa wananchi siku 28 za kuwasilisha pingamizi, zikihesabiwa tangu siku inayofuata ile ambayo halmashauri ilipokea maombi. Tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye tangazo la buluu hafifu lililobandikwa dukani. Lipige picha leo. Pasipokuwapo pingamizi lolote halali, halmashauri hulazimika kutoa leseni.

Pingamizi sharti liegemee walau moja ya malengo manne ya sheria hiyo: kuzuia uhalifu na fujo, usalama wa umma, kuzuia kero kwa umma, na kuwakinga watoto na madhara. Hoja kwamba mtaa una maduka ya kutosha, au kwamba thamani ya nyumba itashuka, haitazingatiwa hata ikiwa ya kweli. Kwako wewe kero ndiyo hoja yenye nguvu, lakini usiishie kuandika "tutakosa usingizi". Andika, kama ndivyo ilivyo: "Dirisha la chumba cha watoto liko mita sita kutoka mlango wa jikoni, tayari saa nne usiku wateja huacha magari yakinguruma mbele ya nyumba yetu, na mapipa ya taka huburutwa uani." Taja tarehe na saa za kila tukio, na kila jirani aandike yale aliyoyasikia mwenyewe, kwa maneno yake.

Pendekeza pia masharti, kwa mfano kufunga saa sita usiku au kutotumia mlango wa nyuma baada ya saa nne, kwa sababu kamati ya leseni ya halmashauri inaweza kutoa leseni yenye masharti badala ya kuikataa.

Kwa kawaida jina na anwani yako hupelekwa kwa mwombaji. Ukiwa na hofu, mwombe diwani awasilishe pingamizi. Usiporidhika na uamuzi, una siku 21 za kukata rufaa katika mahakama ya hakimu, na leseni ikishatolewa, unaweza kuomba ipitiwe upya wakati wowote kero inapojitokeza.