Mkunga wa Kilindini na Kamongo wa Ziwani

SWALI: Mhariri, mimi huuza samaki karibu na ufuo wa Dunga. Binti yangu amesoma kuhusu mkunga wa baharini anayeishi mamia ya mita chini ya maji, naye anashikilia kwamba huyo ndiye kamongo wetu. Je, ni kweli? Na je, mkunga huyo angeweza kuishi katika Ziwa Victoria? – Msomaji, Kisumu.

JIBU: La, mama, hao ni samaki wawili ambao umbo refu tu ndilo linalowafananisha. Kamongo ana mapafu, hupanda juu kuvuta hewa, ana jozi mbili za mapezi membamba mno, na ngozi yake ina magamba yaliyozama ndani. Mkunga hana magamba kabisa wala mapezi ya tumboni, na pezi lake la mgongo huzunguka ncha ya mkia na kurudi chini ya tumbo bila kukatika.

Mkunga anayejulikana zaidi, ambaye wanasayansi humwita Conger conger, hupatikana katika Atlantiki kuanzia Norwei hadi Senegali, na katika Mediterania. Mchana hujificha katika nyufa za miamba au ndani ya meli zilizozama, na usiku hutoka kuwinda samaki, kaa na pweza. Wachanga hukaa karibu na pwani. Wakubwa huteremka, na wengine wamepatikana kwenye kina cha zaidi ya mita 1,000. Bahari ya Hindi nayo ina jamaa zake, wakiwemo wale wa jenasi (kundi la spishi zenye udugu) ya Bathycongrus, wanaoishi kwenye miteremko ya kilindini.

Kuhusu ziwa letu, ambalo kina chake kikubwa ni takriban mita 80, wengi wangedhani kikwazo ni kina. Kwa maoni yangu kikwazo kikubwa ni uzazi. Baada ya kukua kwa miaka mingi, mkunga huyu huacha kula, meno yake hung'oka, mifupa yake hupoteza madini, naye huelekea kilindini, ambako jike hutaga mayai kwa mamilioni mara moja tu maishani, kisha hufa. Mtoto anayeanguliwa ni bapa kama jani, tena mwili wake hupitisha nuru kama kioo, kiasi kwamba huwezi kumtambua kwa urahisi majini, na huchukuliwa na mikondo ya bahari kwa muda mrefu kabla ya kugeuka kuwa mkunga mdogo. Hafanani hata kidogo na wazazi wake, na ndiyo maana wataalamu wa zamani walimworodhesha kuwa samaki wa aina nyingine, wakamwita Leptocephalus morrisii. Mwaka 1886 Mfaransa Yves Delage alimfuga mmoja katika tangi huko Roscoff, akamtazama hadi akageuka mkunga. Kazi ya subira ninayoiheshimu sana, kwa sababu iliondoa ubishi kwa kumfuata kiumbe mmoja aliye hai.

Maisha ya namna hiyo hayawezekani bila bahari. Wapo mikunga wa jenasi ya Anguilla ambao, wakiwa wadogo, hutoka Bahari ya Hindi na kupanda mito ya Kenya kama Tana na Sabaki, wakakulia katika maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Lakini hata hao hulazimika kurudi baharini kuzaa, na mito hiyo haiungani na Ziwa Victoria.