Injini za kasi na maji ya chumvi: majibu kwa wenye magari wa Dodoma

Maswali yamejaa tena, na mengi yanafanana: gari la zamani lenye nguvu, mwenye gari anayelipenda, na fundi ambaye jibu lake la kwanza ni spea mpya. Mimi si fundi wa kusomea. Nina Impreza WRX ya mwaka 2002, huu ni mwaka wa tisa niko nayo hapa Dodoma, na karibu kila hela niliyoipoteza kwenye gari hilo niliipoteza kwa kubadilisha kitu kabla ya kukipima. Leo nimechukua maswali sita.

Kaka, nina Forester ya 2004 yenye tabo (kile kifaa cha kusukuma hewa ndani ya injini). Nikiwa mjini mshale wa joto unatulia. Nikitoka Dar, nikishaanza kupanda kuelekea Gairo, unapanda. Fundi mmoja anasema tutoe termostati, mwingine anasema gasketi ya silinda hedi imekufa. Nimsikilize nani? (Nkuhungu)

Bado usimsikilize yeyote. Kwanza angalia gari linachemsha wakati gani. Gari linalochemsha likiwa kwenye foleni, kisha likapoa ukianza kutembea, shaka ya kwanza ni feni. Lako ni kinyume chake. Ukiwa kwenye mwendo, upepo wa mbele unatosha na feni haina kazi kubwa. Inayoshindwa ni rejeta, kwa sababu injini inavuta mzigo mlimani na joto ni jingi kuliko inavyoweza kulitoa.

Na rejeta za Dodoma zina ugonjwa wao. Angalia ndani ya birika la nyumbani kwako, ule ukoko mweupe uliogandia chini. Maji yetu mengi ni ya visima, kuanzia vile vikubwa vya Mzakwe hadi vya kuchimba mitaani, na yamebeba madini. Ukitia maji hayo kwenye gari, ukoko uleule unajijenga ndani ya vijia vyembamba vya rejeta na kuzunguka silinda. Dereva anaona maji yamejaa, anaridhika, kumbe nusu ya rejeta haipitishi kitu. Yangu niliikuta hivyo mwaka wa pili: juu inaunguza mkono, upande mmoja wa chini ni baridi. Wewe pia pima hivyo. Gari likishapata moto, zima, toa ufunguo ili feni isikukate vidole, kisha pitisha kipimajoto cha bastola (cha gereji, si kile cha kupimia homa) juu ya rejeta yote. Ukikuta mabaka ya baridi, umepata jibu. Rejeta ya hivyo isafishwe na mtu anayejua, au ibadilishwe, halafu tia kulanti iliyochanganywa na maji yasiyo na madini. Maji ya bomba yabaki ya dharura tu, na ukifika salama uyamwage.

Cha pili ni mfuniko wa rejeta. Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,120 hivi, na huku juu maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mfuniko wenye afya hushikilia shinikizo na kuyafanya yavumilie mpaka juu ya nyuzi 110. Mpira wake ukikauka, maji yanachemka mapema na kukimbilia kwenye chupa ya akiba. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote zilizotajwa kwenye swali lako, na hakuna fundi aliyekutajia.

Termostati usiitoe. Kazi yake ni kufungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta injini ikishapata moto. Ukiiondoa, rejeta iliyoziba itabaki imeziba vilevile.

Gasketi, ile inayoziba kati ya silinda hedi na bloku ya injini, inawezekana, sikatai, lakini inapimika bila kufungua injini. Je, mipira ya rejeta inakuwa migumu asubuhi kabla hujawasha? Je, injini ikiwa ya moto kuna viputo visivyoisha kwenye chupa ya akiba? Kuna dawa ya buluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta, ikivuta gesi ya moshi inageuka njano. Ikigeuka, hapo ndipo muanze kuzungumzia gasketi. Na kabla ya hapo hakikisha hakuna hewa iliyonaswa: maji ya gari hilo hujazwa kupitia kitanki kidogo cha chuma kilicho juu ya injini, taratibu, hita ikiwa wazi. Nimeona injini iliyohukumiwa kufunguliwa ikapona kwa kutolewa hewa tu.

Mshale ukipanda tena njiani, zima AC, fungua hita hadi mwisho, punguza mwendo, paki. Mfuniko usiuguse mpaka rejeta ipoe kabisa.

Nina Altezza AS200. Nilihamia Dodoma na wizara yangu. Dar gari lilikuwa jepesi, hapa limekuwa zito. Nimeshabadilisha plagi na pampu ya mafuta, hali ni ileile. (Kisasa)

Dada, gari lako ni zima. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 12 hivi, na injini isiyo na tabo huvuta ile hewa inayoikuta. Injini yako ya 1G-FE ilitoka kiwandani na nguvu farasi 160. Huku juu hesabu 140 na kidogo. Hakuna plagi itakayozirudisha. Angalia eya klina kama imejaa vumbi, kisha zoea kuchelewa kidogo kupandisha gia. Ukishuka Dar kikazi, sikiliza: kama uzito unaisha baada ya Morogoro, usinunue kitu kingine.

Nina Altezza RS200 ya gia za mkono. Nikiwa gia ya sita kwenye barabara ya Singida, nikikanyaga mafuta nasikia kama kokoto zinagongana ndani ya injini. Ni beringi? (Nala)

Beringi iliyokwisha hugonga mlio mzito unaofuata mzunguko wa injini, na mara nyingi taa ya oili nayo inaanza kuonya. Kokoto nyepesi zinazosikika ukikanyaga mafuta kwenye gia ndefu, zikanyamaza ukiachia, ni mafuta yanayolipuka yenyewe kabla ya zamu yake.

Fungua kile kimlango cha tenki usome. Maandishi ya Kijapani yaliyopo hapo yanataka petroli ya daraja la juu, na kiwango cha Japani kwa daraja hilo ni oktani (kipimo cha petroli kuhimili kubanwa bila kujilipua) 96 kwenda juu. Injini yako ya 3S-GE inabana hewa kwa uwiano wa 11.5 kwa 1, hivyo mafuta hafifu inayasikia mara moja. Jaza kwenye kituo chenye oktani kubwa kuliko vingine na chenye mauzo mengi, usipende vituo ambavyo mafuta yanalala. Halafu badili uendeshaji: gia ya sita kwenye mzunguko 1,500 huku umekanyaga hadi chini ni mateso kwa injini hii. Shuka mpaka ya nne. Kompyuta ya gari ina sensa inayosikia mlio huo na kuchelewesha moto ili kulinda pistoni, lakini uwezo wake una mpaka, na pistoni iliyopasuka haipigi hodi.

Kama kokoto zinaendelea hata kwa mafuta mazuri, angalia plagi kama ni za namba iliyoelekezwa na kiwanda, halafu angalia joto la injini. Rudi kwenye jibu la kwanza.

Legacy GT yangu inatoa moshi wa buluu nikiwasha asubuhi, na oili inapungua. Nimeambiwa tabo imekufa, nitafute ya mtumba Gerezani. (Area D)

Inapungua kiasi gani? Hilo ndilo swali la kwanza, nawe hukuliandika. Jaza mpaka alama ya juu, tembea kilomita 1,000, paki mahali tambarare, pima tena. Bila namba hiyo hata fundi mzuri anabahatisha.

Moshi wa asubuhi unaoisha baada ya dakika moja mara nyingi ni sili za valvu, au oili iliyochuruzika na kutuama usiku. Moshi unaotoka ukiachia mafuta kwenye mteremko mrefu kisha ukakanyaga tena, hapo sili na tabo zote ni washukiwa. Unaotoka wakati wote unakanyaga ni ringi, na hizo hupimwa kwa mgandamizo wa silinda. Kabla ya yote chunguza ile valvu ndogo inayorudisha mvuke wa injini kwenye njia ya hewa. Ikikwama, injini inakunywa oili yake yenyewe, na watu wameua tabo zisizo na hatia kwa sababu hiyo.

Kama kweli tabo imekufa, tafadhali jua kwa nini imekufa. Injini nyingi za Subaru za tabo za miaka ya 2000 zenye AVCS (mfumo unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka) zina kichujio kidogo mno cha wavu ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye tabo, nyuma ya hedi ya kulia. Oili ikichelewa kumwagwa inakuwa nzito kama lami, wavu unaziba, na shafti ya tabo inazunguka kavu. Ukifunga tabo nyingine bila kugusa bolti hiyo, unaipeleka kaburini kama ile ya kwanza. Wengine wanautoa wavu kabisa. Mimi nimeuacha, nauangalia, na oili naimwaga kila kilomita 5,000. Kwa vumbi letu na safari fupi za mjini, zile kilomita 10,000 zilizoandikwa kwenye galoni sizikubali kwa injini ya tabo. Na ukitoka safari ya mwendo mkubwa, tembea taratibu dakika chache za mwisho kabla ya kuzima.

Ya mtumba, ukilazimika, shika shafti yake kwa vidole. Ikicheza kidogo kwa pembeni inaweza kuwa sawa; ikicheza kwa mbele na nyuma, rudisha.

Taa ya cheki injini imewaka, mashine imesoma P0420. Fundi anasema atoe masega (kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi), gari litakimbia zaidi. (Ipagala)

Usikubali. Namba hiyo inasema sensa ya nyuma inaona masega hayasafishi moshi inavyotakiwa. Inaweza kuwa masega yamechoka, inaweza kuwa ekzosi inavuja hewa karibu na sensa, inaweza kuwa sensa yenyewe. Namba inakuonyesha mtaa, nyumba bado unaitafuta. Niliwahi kusomewa P0171, kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, nikanunua sensa ya oksijeni, halafu ya pili. Kumbe mpira unaopeleka hewa kwenye tabo ulikuwa na ufa kwa chini, chini ya manifoldi, ambako jicho halifiki. Fundi mwingine aliupuliza moshi kwenye njia ya hewa na ufa ukajitangaza ndani ya dakika 5.

Kama masega yako yameziba kweli, gari lingekosa nguvu kwenye mzunguko wa juu, na hilo hupimwa kwa geji ya shinikizo kwenye tundu la sensa ya mbele. Na yakiwa yameziba, kuna kilichoyaziba: plagi inayomisi au injini inayokula oili. Ujue pia kwamba ndani ya masega kuna madini ya thamani kama platinamu na paladiamu, na yanauzika. Anayejitolea kukutolea bure muulize atayapeleka wapi.

Kwa wenye Toyota za miaka ile ambazo mashine za kisasa zinagoma kuzisoma: nyingi zina soketi ile ile ya kuchomeka mashine chini ya usukani, na ukiunganisha tundu namba 4 na 13 kwa kipande cha waya, kisha ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya cheki injini inakonyeza namba ya tatizo. Hesabu tundu mara mbili kabla ya kuchomeka waya, maana la 16 lina umeme wa betri.

Nimenunua WRX, saa inasoma kilomita 92,000. Taimingi belti ni ya kilomita 100,000, kwa hiyo bado nina muda? (Chang'ombe)

Huna. Ile saa siiamini, na hata ungeiamini, mpira unazeeka gari likiwa limesimama. Kama ni la umri wa langu, lina miaka zaidi ya 20. Kwenye injini hiyo ya EJ20 belti ikikatika, valvu na pistoni zinakutana, na hapo unanunua injini.

Fungua boneti utafute stika. Gereji za Japani huwa na kawaida ya kubandika stika zikibadilisha belti, zikaandika kilomita na tarehe. Mwaka mara nyingi ni wa kalenda yao ya enzi ya Heisei, iliyoishia 2019: chukua namba iliyoandikwa, jumlisha 1988. Stika ikisema 22, ni mwaka 2010. Kama kilomita za kwenye stika ni nyingi kuliko za kwenye saa, umejua kilichofanyika.

Ukibadilisha, badilisha na tenshena (kikaza belti), puli zote na pampu ya maji kwa pamoja, kwa sababu kazi ya kufungua ni moja na puli iliyokufa huangusha belti mpya. Belti yenyewe usikubali ya mtumba hata ukipewa bure. Mpaka siku hiyo, gari liende gereji na kurudi nyumbani tu, bila mbio. Fundi akimaliza, andika kilomita na tarehe kwa wino usiofutika, bandika palepale ilipokuwa stika ya Mjapani.