Neno likikugomea ndo utajua kama linakutawala

Shalom wapendwa. Jumapili iliyopita baada ya ibada dada mmoja alinishika mkono akaniuliza, mpendwa mbona mi nasoma Biblia kila siku na sioni kinachobadilika, nifanyeje? Nikamjibu haraka haraka pale mlangoni, soma kwa maombi. Nimefika nyumbani nikajiona mnafiki kabisa, maana mi mwenyewe nilisoma Biblia miaka na miaka huku ndani kwangu nina sado mbili.

Ngoja nieleze. Mi nauza dagaa hapa Kigoma. Nachukua Kibirizi kwa akina mama wanaoanika, nauza soko la Mwanga, na mzigo mwingine napakia kwenda Tabora. Asiyejua hii biashara, tunapima kwa sado, yale makopo ya plastiki ya lita nne. Sasa mi nilikuwa nazo mbili, moja nzima ya kununulia, nyingine nimeikata mdomo na kisu cha moto, kama upana wa kidole tu, ukiiona peke yake huwezi kujua, hiyo ndo ya kuuzia. Na msinishangae sana, sikuwa peke yangu, tulikuwa tunaita akili ya biashara.

Na asubuhi nasoma Neno, tena machozi yananitoka. Zaburi 23 naijua kwa kichwa, ya 91 ndo usiseme. Ukiniuliza Maandiko ni nini nakujibu yana pumzi ya Mungu, 2 Timotheo 3:16, nakupa na andiko kabisa.

Mwaka 2024 serikali ikafunga uvuvi Ziwa Tanganyika, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Watu walinung'unika wee, maisha yalikuwa magumu kweli, lakini mitumbwi ikapandishwa mchangani nyavu zikakunjwa. Sikusikia mvuvi hata mmoja akisema ngoja kwanza nisikilize moyo wangu kama una amani na hili tangazo. Hata mwenye wazo la kuingia ziwani kwa kificho usiku alijua huu ni wizi, hakuliita "ufunuo". Amri ni amri. Mi stoo nilikuwa na magunia, bei imepanda, nauza kwa ile ile sado iliyokatwa, na shukrani nikatoa kanisani, watu wakasema amina.

Kwa vile mizunguko ilipungua nikapata muda, nikasema ngoja nisome vile vitabu ambavyo huwa naviruka. Nikaanza Kumbukumbu la Torati. Sura za mwanzo zikapita vizuri tu, nimefika sura ya 25 mstari wa 13 nakuta anasema usiwe na mawe mawili ya kupimia kwenye mfuko wako, kubwa na dogo, alaf mstari unaofuata anasema wala nyumbani mwako usiwe na vipimo viwili. Nyumbani! Yaani hajasema hata usitumie, kasema usiwe navyo. Na yangu iko chini ya kitanda, hapo hapo nilipokaa nasoma.

Unajua nilifanya nini? Nikafunua Zaburi ya 91 nipate faraja. Hahaha. Nacheka sasa hivi lakini hapa ndo penyewe nataka mpaangalie, mtu anaweza kulikimbia Neno akaenda kujificha ndani ya Neno. Unachagua mistari inayokukumbatia, ile inayokukatalia unaipita kama hujaiona, alaf unasema unaishi kwa Neno. Mi nadhani kama mwaka mzima Biblia haijawahi kukuambia hapana kwenye kitu unachokipenda, basi wewe ndo unaitawala, yenyewe haikutawali.

Siku hizo hizo nikakumbuka Luka 5, ile ya Yesu na Petro ziwani. Sisi watu wa ziwani hii habari inatugusa tofauti kidogo. Dagaa wanavuliwa usiku, giza, kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa watu wanapumzika nyumbani kwa sababu taa haivuti kitu. Sasa mchukue mvuvi wa Kibirizi amekesha hajapata hata beseni, anaosha nyavu, macho mekundu, alaf anakuja mtu ambaye kazi yake ni useremala anamwambia rudi kilindini ukashushe. Mchana! Petro hakujifanya hajui kazi yake, alisema wazi tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu, "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu". Hiyo "lakini" yake kaiweka upande wa Neno. Sisi ya kwetu tunaiweka upande wa pili, Neno linasema hivi lakini biashara ya siku hizi, lakini mume wangu unamjua, lakini ada za watoto.

Bibi yangu mzaa mama, kule Kasulu, hakujua kusoma. Alikuwa ananiamsha alfajiri nimsomee, nikimaliza sura ananiuliza, haya, limetuamuru nini leo? Hasemi limetufundisha nini. Nilikuwa nakereka, mtoto ana usingizi. Kuna siku tukasoma Kutoka 23, kwamba ukimwona ng'ombe wa adui yako amepotea umrudishie, na siku hiyo hiyo mbuzi wa jirani tuliyegombana naye kaingia kwenye mihogo yetu. Mjomba akataka tumfunge mpaka walipe. Bibi kachukua kamba, kamswaga mwenyewe mpaka kwa jirani, hakudai hata mia. Mihogo ikawa imeliwa hivyo. Mi nilikasirika kuliko mjomba.

Kwaiyo dada yangu wa Jumapili, kama unasoma hapa, jibu langu la kweli ni lile swali la bibi. Ukimaliza kusoma usiulize nimejisikiaje. Uliza nimeamriwa nini, alaf ukifanye kabla ya chakula cha mchana, maana kikilala hakiamki. Siku zingine hakuna amri, ni ahadi tu, au ni orodha ya majina, pokea uendelee. Na soma kitabu kizima, huo mstari mmoja wa kwenye status umechaguliwa na mtu mwingine, tena amechagua mtamu. Mi pia nimenunua kaunta buku naandika kwa mkono, hii nimeitoa Kumbukumbu 17, pale mfalme anaagizwa ajiandikie nakala ya torati na aisome siku zote za maisha yake ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Mfalme mzima anaandika kwa mkono! Mkono hauruki mistari kama jicho.

Lingine, usimwachie mchungaji peke yake. Waberea, wale watu wa mji wa Beroya kwenye Matendo 17, walimsikiliza Paulo, Paulo kabisa, na bado wakayachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo, na wakasifiwa. Ila pia usiligeuze fimbo ya wenzako, kuna mababa wanajua Waefeso 5:22, ile ya wake kuwatii waume zao, kama jina lao, ukiwauliza wa 25, waume wawapende wake zao, wanatafuta miwani.

Sado niliichoma moto. Wiki ya kwanza faida ikashuka, jirani yangu wa meza akaninunia, anasema unatuharibia soko mama. Sikupata samaki wa kupasua nyavu kama Petro, nisiwadanganye, hesabu ilikaa vizuri baada ya miezi. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Luka 19, alisema atawarudishia mara nne aliowadhulumu, mi wateja wengi hata siwakumbuki, lakini mama lishe mmoja pale karibu na stesheni alinunua kwangu miaka, huyo nilimfuata na gunia nikamwambia ukweli. Akanitazama, akasema, mama mbona nilikuwa najua, ndo maana madeni yako nilikuwa simalizi. Tukacheka mpaka wateja wake wakageuka.

Msije mkanipamba lakini. Mwezi huu nimefika Mathayo 5 kwenye kaunta buku, ile iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako. Mi na wifi yangu wa Ujiji hatusemeshani tangu mwaka jana kwa ajili ya madumu manne ya mawese, na mwenye haki ni mimi, hilo hata yeye analijua. Mstari nimeuandika mara tatu. Ukurasa haufunguki kwenda mbele. Sukari kilo mbili nimeshanunua, iko hapa mezani, kesho nikitoka sokoni napanda daladala ya Ujiji.