Shangazi, zile pesa za mwezi wa pili huwa zinaenda wapi?

Juzi mpwa wangu, yule wa boda pale Free Area, alinitumia sauti. Alianza na salamu ndefu, nikajua kuna jambo. "Shangazi, kuna jamaa hapa steji ametumiwa pesa na dadake aliye Texas. Anasema kila mwezi wa pili serikali ya Marekani hurudishia wafanyakazi hela, hata dola elfu saba. Sasa tunauliza, zako huwa zinaenda wapi?" Nyuma yake kuna mtu alikuwa anacheka. Najua swali si lake peke yake, kwa hivyo nawajibu nyote, kuanzia Free Area hadi Bahati kwa mama.

Jamaa hakudanganya. Tangu 1975 sheria ya huku ina nafuu ya ushuru kwa mtu anayefanya kazi lakini mapato yake ni madogo. Wenyewe huiita EITC. Hata ukiwa hudaiwi ushuru wowote, unalipwa pesa mkononi. Kwa mapato ya 2024, mwenye watoto watatu au zaidi angeweza kufikia dola 7,830. Mwenye mmoja, 4,213. Asiye na mtoto ilikuwa 632 pekee, na akiwa peke yake, mapato yakifika kama dola 18,600 kwa mwaka huo, hakupata hata senti. Na ni mwezi wa pili kwa sababu sheria inakataza pesa hizo kutoka kabla ya katikati ya Februari.

Sasa mimi. Nafanya kazi usiku katika nyumba ya kutunza wazee: nawageuza, nawaosha, nawabadilisha nguo. Mapato yangu yalishapita hiyo 18,600, na sina mtoto ninayeishi naye. Kwa hivyo hesabu yangu ni sufuri. Nikirudishiwa chochote, ni ushuru wangu mwenyewe nilikuwa nimekatwa kupita kiasi.

Kuna mwaka mmoja nilizipata, na sijawahi kuwaambia. Ulikuwa mwaka wangu wa pili huku. Kuna mtu alikuwa akiwajazia watu ritani sebuleni kwake, akanitoza dola 400 na kuniambia nisiwe na wasiwasi. Pesa zikaja nyingi hadi nikashangaa, nikanunua gari kuukuu, nikatuma za paa la mama. Baadaye ikaja barua ya IRS, watoza ushuru wa huku. Kumbe aliniandikia mtoto ambaye mpaka leo sijui ni wa nani. Anayelipwa kwa kazi hiyo anatakiwa kisheria atie sahihi na namba yake. Kwangu pale mahali pa sahihi palikuwa peupe, kwa hivyo aliyebaki na kesi ni mimi. Nilizirudisha kidogo kidogo, pamoja na riba na faini. Ndio mwaka ule karo ya kidato cha pili ilichelewa mkasema nimeanza kuringa.

Hasira hiyo ndiyo iliyonipeleka kujitolea. Kuna mpango wa kuwajazia watu ritani bure, na jina lake, msicheke, ni VITA. Ni herufi tu za maneno ya Kiingereza, lakini tulipobandika tangazo kwenye duka tunakonunua unga na majani ya chai ya nyumbani, mama mmoja alilisoma, akashika kiuno: "Vita gani tena? Si tulikimbia hivyo?" Ilibidi tuandike chini yake kwa Kiswahili: ushuru, bure. Kabla ya kugusa karatasi ya mtu tunafanya mtihani wa IRS, na ritani haitumwi mpaka mwenzako aipitie. Hatulipwi, wala haturuhusiwi kuomba hata ya chai.

Kazi ngumu ni kuwaleta watu mezani. IRS yenyewe hukadiria kwamba mmoja kati ya kila watano wanaostahili EITC haidai, na haiji bila kudaiwa. Wengine mapato yao ni madogo hata sheria haiwalazimishi kujaza ritani, basi hawajazi. Wengine hudhani kwa kuwa wamekatwa kila wiki, mambo yameisha. Kama huko, ambako wengi husahau KRA hadi foleni ya 30 Juni. Baba mmoja wa kazi ya ghala, mke na watoto wawili wako naye hapa hapa, alikuwa ameacha miaka miwili hivyo hivyo. Sheria inampa mtu miaka mitatu kudai. Tulimjazia yote miwili Jumamosi moja, akawa anarudia kuniuliza, "Na hawatanishika?"

Halafu kuna aibu. Mtu anayewajengea wazazi nyumba ya mawe Njoro hataki kanisa lijue yuko kwenye kundi la mapato madogo. Tulikuwa tunatangaza hivyo, "wenye mapato madogo mbaki nyuma", na hakubaki mtu. Siku hizi tunasema tu: lete fomu yako ya W-2, ile mwajiri anayokupa ya mshahara na makato ya mwaka, tuiangalie. Wanakuja.

Lakini kuna meza ambayo hadi leo siizoei. Mama mmoja wa kwetu Nakuru alikuja na W-2 mbili, kazi mbili, na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu na ripoti zao za shule. Alikuwa ameshaandika majina yao kwenye fomu kwa herufi kubwa safi. Nikamuuliza swali ninaloamriwa kuuliza: mwaka jana, zaidi ya nusu ya mwaka, walikuwa wanalala wapi?

"Kaptembwa, kwa nyanya yao."

Nikanyamaza. Akadhani sijaelewa. "Lakini huwa tunalala simu ikiwa wazi."

Sheria inataka mtoto awe ameishi nawe, ndani ya Marekani. Anawalisha, anawavisha, anawalipia karo, na kwenye EITC hawahesabiwi. Nilipiga mstari jina la kwanza, la pili, la tatu. Alichorudishiwa ni kile alichokatwa zaidi, dola mia na kitu. Alifunga mfuko wake akaniuliza basi la saa ngapi linapita, maana alikuwa na zamu jioni.

Kwa hivyo, mwanangu, pesa ya tairi la pikipiki nitatuma mwisho wa mwezi, kutoka kwa mshahara. Na mwambie huyo anayecheka nyuma nilimsikia.