Mwalimu mkuu wa kwanza wa Otago Girls'

Je, mwalimu mkuu wa kwanza wa Otago Girls', shule ya sekondari ya wasichana, alikuwa Learmonth Dalrymple, mwanamke aliyeipigania? Hapana, si yeye. Shule ilipofunguliwa Dunedin, New Zealand, Februari 1871, mwalimu mkuu alikuwa Margaret Gordon Burn, naye pia mhamiaji kutoka Scotland, ila yeye alipitia Australia kwanza. Kamusi ya wasifu ya New Zealand inawaeleza kila mmoja kivyake.

Dalrymple, aliyehamia Otago 1853, ndiye aliyewasumbua wakubwa wa jimbo hilo kwa takriban miaka saba, barua juu ya barua, hadi wakakubali kutoa fedha za umma kwa sekondari ya wasichana. Kwa hiyo ukimwita mwanzilishi sibishani nawe. Tena hakuishia hapo: mwaka huohuo wa 1871 alipeleka ombi lenye saini za wanawake wenzake kwa Chuo Kikuu cha Otago, kikakubali kuwaruhusu wanawake kuhudhuria masomo.

Ila kuingia darasani ni jambo moja, shahada ni jingine kabisa. Mwanamke wa kwanza nchini humo kupata digrii ni Kate Edger, 1877, na alisomea Auckland, si Otago.