Samaki wangu kasemaje?

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Barua yako ilifika Alkhamisi. Nimeisoma mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili kwa sauti huku mama yako akichagua mchele. Sisi hatujambo. Mguu wangu ndio ule ule, na kaskazi imeshaingia.

Umeniuliza hivi: "Baba, tunatakiwa kila mmoja awaeleze watu wa kwao anachokichunguza. Lakini hawa samaki wa kina kirefu watu wa diko hawajawahi kuwaona wala hawatowaona. Kuna faida gani nije nikae mbele yao nizungumze habari za jeni?" Mama yako alicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu swali lako limenigusa penye deni ambalo sijawahi kukuhadithia.

Wewe ulikuwa hujaanza skuli. Walikuja watafiti hapa, sitowataja, wakataka mtu wa kuwatafsiria. Nilikuwa nasomesha bayolojia na Kiingereza changu kilikuwa kinasikika, nikaitwa. Tulishinda dikoni siku nne. Kila papa na kila taa aliyeshushwa alipimwa kwa utepe, akakatwa kipande cha pezi kisichozidi ukucha, kikatiwa kwenye kichupa cha spiriti. Wavuvi waliuliza mengi, na kubwa lao lilikuwa: vya nini? Nikawaambia vinapelekwa maabara kutazamwa nasaba za samaki, na majibu yatakuja. Wale watafiti hawakunituma kusema majibu yatakuja. Niliona tu ndivyo inavyostahiki.

Hayakuja. Palikuwa na mzee mmoja wa jarife, ule wavu wa papa; papa wake alikatwa pezi kabla ya mnada, na unajua papa bei yake iko kwenye mapezi. Hakudai kitu. Ila kila Ijumaa tukitoka msikitini alikuwa akinisubiri penye viatu: "Mwalimu, samaki wangu kasemaje?" Mwaka wa kwanza alikuwa akiuliza kweli. Mwaka wa pili akawa anauliza kwa mzaha, na mzaha ule uliniuma kuliko lile swali lenyewe. Amefariki, Mungu amrehemu, na mimi sijamjibu. Anwani ya wale watafiti nilikuwa nayo, mwanangu. Sikuwaandikia hata mstari mmoja. Nadhani niliona haya Kiingereza changu kisomwe na maprofesa.

Kwa hiyo usinitarajie nikujibu kama mtu asiyehusika. Kile kipande cha pezi kilikuwa amana. Mtu akikupa amana humuulizi kama ataielewa ndipo umrudishie.

Na hilo la kuwa hawatowaona si kweli. Kisa cha silikanti, yule samaki wa kale wa kina kirefu aliyedhaniwa ameshatoweka duniani, unakijua kunishinda, lakini hebu kisome tena ukiwa umekaa dikoni. Desemba 1938 meli ya uvuvi inamleta wa kwanza East London, Afrika Kusini, kavuliwa karibu na mdomo wa Mto Chalumna. Marjorie Courtenay-Latimer, msichana aliyekuwa msimamizi wa jumba la makumbusho pale, anamuona kwenye rundo la samaki, anamchora kwa mkono na kuupeleka mchoro kwa posta kwa J.L.B. Smith, mtaalamu wa samaki. Mpaka Smith afike, matumbo yameshatupwa, imebaki ngozi iliyokaushwa. Akamtafuta wa pili miaka 14. Na alimpataje? Kwa karatasi! Alichapisha karatasi yenye picha ya samaki na ahadi ya pauni 100, ikagawiwa pwani yetu hii. Mwaka 1952 yeye na mkewe walikuwa Unguja, wakakutana na nahodha mmoja mfanyabiashara, Eric Hunt, naye akazichukua karatasi hizo mpaka Komoro. Desemba ya mwaka huo huo, kisiwa cha Anjouan, Ahamadi Abdallah akamvua samaki huyo kwa mshipi na kumpeleka sokoni kama samaki wengine. Alikuwa karibu kukatwa vipande alipotokea mwalimu wa skuli, akakumbuka ile picha.

Unajua nani katika kisa hiki ananinyima usingizi? Huyo mwalimu. Alipata karatasi, akaitia akilini, na siku ilipofika akasema neno. Mimi nilikaa na anwani mfukoni.

Na Wakomoro hawakuwa wageni wa samaki yule. Walikuwa na jina lake, gombessa, na walijua kuwa nyama yake ina mafuta mabaya yanayoharibu tumbo. Mtu aliyekuwa hajui ni profesa. Karatasi yenyewe iliandikwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwamo, kwa watu wa pwani ya Kiswahili. Iliyofanya kazi ni picha, na bahati.

Halafu tazama huku kwetu. Tangu 2003 na 2004 majarife ya Kilwa na Tanga yalianza kuwapandisha. Mwaka 2007 wakamvua mmoja wavuvi wa Nungwi. Hifadhi ya bahari ya silikanti kule Tanga ilitangazwa 2009, na kabla ya wataalamu kukaa mezani kuijadili, walioanza kuwatia mikononi samaki wale ni wavuvi wa papa. Tanga iko ng'ambo ya mkondo huu huu ninaoutazama nikiandika. Kwa hiyo ukija, usije kama mtu anayewaletea habari za mwezini.

Sasa nikwambie namna, maana najua hilo ndilo ulilolitaka tangu mwanzo, ila ulilifunika.

Usianze na mita. Ukisema Mkondo wa Pemba una kina cha kama mita 800, utaona vichwa vinaitikia kwa adabu tu. Sema ni karibu pima 440, na uwaachie kimya kidogo. Kila mmoja pale ameshawahi kushusha chubwi na kuhesabu pima kwa mikono yake, na anajua mikono inachoka wapi.

Neno vinasaba nalo lina mtego. Watu wanalijua kutokana na kesi za watoto, mtu amekataa mimba basi kipimo kinaagizwa. Kuna kijana wa maskani hapa, nilipomwambia kazi yako, aliuliza, "Kwani samaki naye katelekezwa na baba yake?" Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Mimi nikaona mlango umefunguka pale pale. Nasaba Wapemba tunaijua. Mtu atakutajia babu zake saba huku anamenya muhogo. Waambie kila mnyama anayo yake imeandikwa ndani ya mwili, hata kwenye ukucha wa pezi, nanyi mnaisoma. Kisha wape mfano wa popo. Kila mtu hapa anajua popo wa Kidike hapatikani kokote duniani ila Pemba. Sababu mojawapo ni mkondo huu. Zama za barafu bahari ilishuka zaidi ya mita mia, Unguja ikaungana na bara kwa ardhi kavu, sisi tukabaki kisiwa kwa sababu ya hizo pima 440. Kina kimetutenga sisi na wanyama wetu. Mtu akishalikubali hilo kwa popo, halitomshangaza kusikia kuwa uchunguzi wa vinasaba uliotoka 2011 ulikuta silikanti wa kaskazini ya Tanzania ni ukoo wao peke yao, mbali na wa Komoro.

Yale maji yenu mnayochota na kuyachuja mkijua nani kapita, hilo usiwape wanaume. Wape wanawake wa pweza. Wanajua ndoo iliyobeba pweza jana hata ikisuguliwa inamtaja. Waambie bahari nayo ni ndoo: samaki anaacha ute, magamba, kinyesi, na humo mna nasaba yake, nanyi mnaisoma bila ya kumuona mwenyewe.

Na waambie juu ya mimba. Wanasayansi waliosoma duara za magamba, mwaka 2021, walikadiria silikanti huishi karibu miaka 100, hapevuki mpaka awe na zaidi ya 50, na mimba yake huchukua kama miaka mitano. Mama yako aliposikia aliweka ungo chini. "Miaka mitano!" Hapo hutohitaji kumhubiria mtu kwa nini jarife moja likishushwa penye mwamba wake linaweza kumaliza ukoo. Watafika wenyewe, na pengine watakushinda kwa kujua miamba yenyewe iko wapi.

Yule samaki wako mwingine wa kina kirefu, si silikanti, mwenye jeni 38 za kuonea gizani, ilhali sisi binadamu tunayo moja, mweke akiba kwa ajili ya watoto wa skuli. Wavuvi wa dagaa nao watamtaka, maana wao maisha yao ni taa na giza.

Kuna maswali mawili yatakuja, uyapokee vizuri. La kwanza: mnatafuta mafuta? Watu wakiona chombo kimesimama katikati ya mkondo hawafikirii jeni. Jibu moja kwa moja nani analipa, nini kimechukuliwa, kimewekwa wapi na nani ana haki nacho. Ile Itifaki ya Nagoya ya 2010 uliyonitajia, usiisome vifungu. Sema tu kwamba kitu cha hapa kikizaa faida kule, kuna mapatano ya kugawana, kisha useme ya mradi wenu yamefikia wapi. Kama hayajafika popote, sema hayajafika.

La pili litatoka kwa mtu aliyesikia kuwa silikanti ndiye samaki aliyeota miguu akawa mtu. Usimkwepe wala usimcheke. Mwambie magazeti yalikuza mambo, na jenomu yake, yaani maandishi yote ya nasaba yake, iliposomwa, 2013, ilionekana kuwa kamongo wa maziwani yuko karibu zaidi na wanyama wa miguu minne kuliko yeye. Mtu akitaka kubishana na wewe zaidi ya hapo, mwache abishane. Amekuja, ameketi, amesikiliza. Mimi nimesomesha sura hiyo miaka 30 katika mji wa misikiti na hakuna aliyenirushia jiwe, ila sikupata kumwambia mwanafunzi kwamba babake ni mjinga.

Ukumbi usikodi. Ukikodi ukumbi patakuwa na bango, maji ya chupa na bahasha, na watu watakuja kwa ajili ya bahasha. Njoo barazani au dikoni. Lete picha kubwa zilizochapishwa, maandishi machache na ya Kiswahili, uziache hapa ukiondoka. Sheha umwarifu mapema, hilo niachie mimi.

Tarehe uichague kwa mwezi, si kwa likizo ya chuo. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi wa usiku wako nchi kavu. Ni siku za bamvua na wanawake watakuwa pwani asubuhi maji yakitoka, ila mchana wameshapanda. Basi baada ya laasiri utawapata wote.

Mwana wa yule mzee ndiye nahodha wa mashua ya dagaa sasa. Juzi nimemwambia unakuja. Akaniuliza, "Na lile la baba?" Nikamwambia lile limepotea, na aliyelipoteza ni mimi. Alinyamaza akiendelea kushona wavu, kisha akauliza unakuja lini. Nimemwambia nitakuandikia nikuulize.

Wasalaam,
Baba yako