Nambari ya mwisho ya Subversion: unaiuliza seva au diski yako?

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Ofisini kwetu hapa Mwembe Tayari twaandika programu ya kufuatilia makontena, na msimbo wote uko kwenye Subversion, mfumo wa kutunza kila toleo la msimbo kwenye seva. Nataka skripti ya kujenga programu ichukue yenyewe nambari ya mwisho ya marekebisho na kuibandika kwenye ukurasa wa "Kuhusu". Natumia svn info, nauchota mstari wa Revision, lakini nambari inayotoka iko nyuma ya wanayoiona wenzangu. Hata nikikomiti mwenyewe, yaani nikituma mabadiliko yangu kwenye seva, haisogei! Nakosea wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Amri ya svn info ukiiandika hivihivi haiendi kwenye seva. Yasoma nakala iliyo kwenye diski yako na kukwambia folda hiyo ilisasishwa hadi nambari gani mara ya mwisho. Ukikomiti, faili ulizotuma ndizo zinazopanda nambari. Folda yenyewe hubaki palepale mpaka ufanye svn update. Ndiyo maana haisogei.

Ili kuiuliza seva (HEAD ni marekebisho ya mwisho yaliyoko huko):

svn info -r HEAD --show-item revision --no-newline

Hiyo --show-item ilikuja na toleo la 1.9, mwaka 2015. Kama mashine yenu ina la zamani, tumia svn info -r HEAD --xml usome sifa ya revision kwenye entry. Kuchota mstari kwa grep (amri ya kutafuta maneno) nakukataza: siku mashine ikiwekewa lugha nyingine, neno "Revision" litatafsiriwa na skripti itarudi mikono mitupu.

Jua pia kwamba nambari ya Subversion ni ya hazina nzima (ghala lote la msimbo kwenye seva), si ya folda yako. Chukua kitabu cha risiti cha duka pale Marikiti: risiti ya mwisho ya duka ni 4168, lakini ya mwisho uliyokatiwa wewe ni 4123. Ya duka ndiyo revision. Yako ni last-changed-revision. Mwenzako wa mradi mwingine akikomiti kwenye hazina hiyohiyo, ya kwanza itapanda ingawa msimbo wako haujaguswa.

Sasa niruhusu nikuulize: kwenye "Kuhusu" wataka nambari iliyo kwenye seva kweli? Mimi niliwahi kuiweka hiyo. Mteja akaripoti hitilafu, nikashinda siku nzima natafuta kosa kwenye msimbo ambao hata haumo katika programu aliyonayo, kwa kuwa mtu alikuwa amekomiti baada ya mimi kusasisha na kabla sijajenga. Mteja anahitaji nambari ya kilichojengwa, na hiyo hutolewa na amri nyingine:

svnversion

Ikijibu 4168, mambo safi. Ikijibu 4123:4168M, nakala yako imechanganya marekebisho tofauti, na hiyo M yasema kuna mabadiliko ambayo hayajakomitiwa. Ningekuwa wewe, skripti ingegoma kujenga ikiona nukta mbili au herufi yoyote. Kwenye mashine ya kujengea, chukua nambari ya seva kwanza, kisha fanya svn checkout -r kwa nambari hiyohiyo, usiombe HEAD mara ya pili.

(Na $Rev$, alama ambayo Subversion huijaza nambari ndani ya faili, usiitegemee: hubadilika pale tu faili hiyo yenyewe inapokomitiwa.)

Mkihamia Git, mfumo mwingine wa kutunza msimbo, kitabu cha risiti cha pamoja hakipo tena. Kila mtu ana chake, na badala ya nambari mtapata herufi na tarakimu 40. git ls-remote origin HEAD huiuliza seva; git describe --always --dirty hueleza ulicho nacho, na neno dirty hapo lafanya kazi ya ile M. Wako wanaohesabu kwa git rev-list --count HEAD ili wapate nambari inayopanda. Yafaa kwa tawi moja, lakini matawi mawili yaweza kutoa hesabu sawa kwa msimbo tofauti, na nakala iliyovutwa kwa --depth (historia ya karibuni tu) huhesabu pungufu.